Setilaiti Inayopima Uoto: Namna ya Kuifundisha katika Darasa la Sita

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya Darasa la Sita, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha somo la sayansi juu ya vyombo vya anga. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na mchoro alioutengeneza kwenye karatasi ya manila ulionekana vizuri hata na watoto wa dawati la mwisho. Aliwaambia wanafunzi kwamba setilaiti huizunguka dunia na kuona kila kitu kilicho chini yake. Hapo mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, inamwona ng'ombe wetu?" Darasa zima likacheka. Mwanachuo naye alitabasamu, akamwambia mtoto aketi, kisha akageukia ubao na kuendelea.

Tulipokaa naye baada ya kipindi tulimweleza kwamba swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe, na kwamba alikuwa ameliacha lipite. Hata hivyo yatupasa kukiri kuwa sisi wakufunzi pia hatukuweza kumpa jibu papo hapo. Ilitubidi tukae na kalamu na karatasi. Makala haya yametokana na hesabu tuliyoifanya jioni ile, na majaribio tuliyoyafanya baadaye tukiwa na wanafunzi.

Kuna setilaiti nyingi, na mwalimu anayetaka kuzieleza zote kwa kipindi kimoja hatafundisha hata moja. Sisi tumechagua moja tu, iitwayo Proba-V. Ni ndogo, kazi yake ilikuwa moja, na maisha yake ya kazi yamekwisha, kwa hiyo habari yake inaweza kusimuliwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Chombo chenyewe

Proba-V ilirushwa usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 2013 kutoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa huko Amerika ya Kusini, kwa roketi iitwayo Vega. Mwenye chombo alikuwa Shirika la Anga la Ulaya, na waliokiunda walikuwa Wabelgiji. Herufi V iliyo mwisho wa jina husimama badala ya neno lenye maana ya uoto. Safari hiyohiyo ilibeba setilaiti ya Vietnam na nyingine ndogo sana, ambayo ndiyo ya kwanza ya nchi ya Estonia.

Uzito wake ulikuwa kilo 138 hivi, yaani haukufikia magunia mawili ya mahindi, na umbo lake lilikuwa dogo kuliko kasha la mita moja kila upande. Tunasisitiza udogo huo kwa sababu kazi ileile ilikuwa imefanywa kabla yake na kamera zilizobebwa na setilaiti mbili kubwa za Ufaransa, SPOT-4 iliyorushwa mwaka 1998 na SPOT-5 iliyorushwa mwaka 2002. Hiyo ya pili ilikuwa na uzito wa tani 3 hivi. Wataalamu walihofu kwamba hizo zitakapochakaa, kumbukumbu za uoto wa dunia zilizokusanywa kwa miaka mingi zitakatika katikati, kama rejesta ya mahudhurio ambayo kurasa zake za muhula mmoja zimepotea. Proba-V ilitengenezwa ili kuziba pengo hilo mpaka setilaiti nyingine zitakapokuwa tayari.

Ufundi wa kuipunguza ulikuwa hasa katika kamera. Zilikuwa kamera tatu zilizopangwa kama feni, ya kati ikitazama chini moja kwa moja na mbili zikitazama pembeni, hata kwa pamoja zikaona ukanda wenye upana wa kilomita 2,250 hivi. Vioo vyake vilichongwa kwa alumini, na fremu iliyovishika ilikuwa ya alumini vilevile. Maana yake ni kwamba joto lilipopanda au baridi ilipozidi, kioo na fremu vilitanuka na kusinyaa kwa pamoja, na taswira haikuvurugika. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza habari za metali kutanuka kwa joto atalielewa jambo hili bila taabu, na ni vyema mwalimu amkumbushe somo hilo.

Ikiwa juu kwa kilomita 820 hivi, iliizunguka dunia mara 14 na kitu kwa siku, ikipita karibu na ncha za kaskazini na kusini. Kwa kuwa dunia nayo hujizungusha, kila mzunguko ulikuta ukanda mwingine wa nchi chini yake, na karibu dunia yote ilikamilika kila baada ya siku mbili. Data zilipokewa Kiruna, Sweden, zikatayarishwa katika mji wa Mol nchini Ubelgiji.

Jinsi jani linavyojulikana kutoka angani

Hapa ndipo walimu wengi huteleza. Husema kwamba setilaiti "huona rangi ya kijani". Ingekuwa hivyo, bati lililopakwa rangi ya kijani lingehesabiwa kuwa shamba.

Jani bichi lina klorofili, ambayo hufyonza mwanga mwekundu na wa buluu kwa ajili ya kutengenezea chakula cha mmea. Mwanga wa kijani hufyonzwa kidogo kuliko hiyo, ndiyo sababu sehemu yake hurudi machoni petu. Lakini katika mwanga wa jua mna mionzi mingine, iliyo ng'ambo ya wekundu, ambayo jicho la binadamu haliioni kabisa. Huitwa infraredi. Jani halina matumizi nayo katika kutengeneza chakula. Nafasi na kuta za seli zilizo ndani ya jani huitawanya, na karibu nusu yake hurudishwa juu. Kwa hiyo jani lenye afya hurudisha wekundu kidogo sana na infraredi nyingi. Jani likikauka tofauti hiyo hupungua, na udongo mtupu hurudisha vyote viwili kwa viwango vinavyokaribiana.

Ili wanafunzi wasadiki kuwa uko mwanga usioonekana, mwalimu aweza kuchukua rimoti ya televisheni na simu yenye kamera. Akibonyeza rimoti mbele ya macho yao hawataona kitu, ila wakiitazama kupitia kamera ya simu wataona nukta inayowaka. Simu nyingine huchuja mionzi hiyo, kwa hiyo jaribio lifanywe nyumbani kabla ya somo. Mmoja wetu hakufanya hivyo, na darasa likabaki kumwangalia.

Kamera za Proba-V zilipima mafungu manne ya mwanga: buluu, wekundu, infraredi ya karibu na infraredi ya mbali kidogo. Buluu ilisaidia kurekebisha makosa yanayoletwa na hewa, na lile la nne lilionyesha habari za maji katika majani na udongo. Mawili ya katikati ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Kanuni yake ilikuwa imekwisha kutumika tangu miaka ya 1970, baada ya Marekani kurusha setilaiti ya kwanza ya Landsat mwaka 1972. Chukua infraredi, toa wekundu. Kisha gawanya kwa jumla ya hivyo viwili. Jibu ndilo kielezo cha uoto.

Tuandike mfano ubaoni. Shamba la mahindi mabichi limerudisha sehemu 45 za infraredi katika 100 na sehemu 5 za wekundu. Tofauti ni 40, jumla ni 50, na kielezo ni 0.8. Nyasi zilizokauka zimerudisha 30 za infraredi na 20 za wekundu. Tofauti ni 10, jumla ni 50, kielezo ni 0.2. Maji ya ziwa yamerudisha 2 na 4. Kielezo kinaangukia chini ya sifuri. Hizi ni namba za kufundishia tu, lakini hazipotoshi hali ilivyo.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini tugawanye, ilhali kutoa peke yake kungetosha. Asipouliza, mwalimu amuulize yeye. Turudi kwenye nyasi kavu. Tuseme wingu jembamba limepita mbele ya jua, mwanga umepungua nusu, na sasa nyasi zilezile zinarudisha 15 na 10. Tofauti imeshuka kutoka 10 hadi 5, kana kwamba nyasi zimekufa zaidi. Lakini 5 kwa 25 ni 0.2 ileile. Kugawanya kumeondoa hila ya mwanga, kumetuachia habari za nyasi. Tumeona watoto wa Darasa la Sita wakilishangilia jambo hili kuliko picha yoyote ya roketi, na tunadhani ni kwa sababu wamelifikia kwa mikono yao wenyewe.

Ama mawingu mazito ni shauri jingine, kwa kuwa hayapitishi kitu. Wingu hurudisha wekundu na infraredi karibu sawasawa, hivyo kielezo chake huwa karibu na sifuri. Waliotayarisha data walichukua vipimo vya siku 10, na kwa kila kipande cha ardhi wakachagua kipimo cha juu kabisa. Wape wanafunzi orodha ya namba, mathalani 0.42, 0.10, 0.45, 0.08 na 0.43, waambie zote ni za konde moja katika siku 10, kisha waeleze siku zipi zilikuwa na wingu na kwa nini. Hawahitaji msaada zaidi ya huo.

Ng'ombe na hekta

Sasa tumjibu yule mtoto. Kila picha ya setilaiti imeundwa kwa vipande vya mraba, na kila kipande hubeba namba moja tu kwa kila fungu la mwanga. Katika Proba-V kamera ya kati ilitoa vipande vya mita 100 kwa mita 100, yaani hekta moja. Picha za dunia nzima za kila siku mbili zilikuwa za vipande vya mita 300, ambavyo ni hekta 9, au vya kilomita moja, ambavyo ni hekta 100. Ng'ombe akitazamwa kutoka juu hufunika mita 2 za mraba hivi. Hekta ina mita za mraba 10,000. Basi ng'ombe wao ni sehemu moja katika 5,000 za kipande kidogo kabisa, na haonekani. Hata kundi la ng'ombe 100 lingefunika sehemu 2 katika 100 tu. Ila nyasi ambazo kundi hilo limezila kwa mwezi mzima, pengine zingeonekana kuwa zimepungua.

Jibu hilo lisitolewe kwa mdomo peke yake. Hekta ni neno ambalo wanafunzi hulitumia katika hesabu bila kuwahi kulikanyaga. Watoke nje. Kwa kuwa uwanja wa mpira wa kawaida haufiki hekta moja, na shule nyingi hazina nafasi zaidi ya hapo, sisi tulipima mraba wa mita 50 kila upande, ambao ni robo hekta. Tuliugawa kwa kamba na vigingi kuwa miraba 25 ya mita 10 kwa mita 10. Katika kila mraba walisimama wanafunzi wawili, wakakadiria ni sehemu ngapi katika kumi zilizofunikwa na majani mabichi. Namba zote 25 zikaandikwa, zikajumlishwa, zikagawanywa kwa 25. Tukapata 3.6, yaani 0.36.

Tuliwaambia: hiyo namba moja ndiyo yote ambayo setilaiti ingetuambia juu ya mahali hapa. Wakaanza kutafuta vitu vyao. Mwembe uko wapi? Njia ya kwenda kisimani iko wapi? Bustani ya mchicha iliyomwagiliwa asubuhi iko wapi? Vyote vimo ndani ya 0.36, wala hakuna hata kimoja kinachoonekana. Mwanafunzi aliyekwisha kufanya hesabu hii hatasahau maana ya wastani.

Jambo ambalo hatukulitazamia lilitokea chini ya mwembe. Wawili waliokuwa pale waligombana. Mmoja aliandika 9, kwa sababu matawi yalifunika karibu mraba wote. Mwenziwe aliandika 1, kwa sababu chini ya matawi palikuwa na vumbi na nyasi chache. Tuliwaacha wabishane mbele ya darasa. Kwa setilaiti jibu ni 9, kwani inatazama kutoka juu. Kwa mbuzi wa fundi seremala jirani na shule, anayefungwa hapo mchana, jibu ni 1.

Kivuli cha kijiti

Proba-V haikuwa na injini ya kujisogeza. Ilipangwa ivuke Ikweta kwenye saa nne na dakika 45 asubuhi kwa saa ya jua ya kila mahali, ili picha za siku mbalimbali ziweze kulinganishwa. Lakini kwa kukosa injini, njia yake ilihama polepole mwaka hadi mwaka, na mwishowe ikawa inapita asubuhi mapema zaidi, wakati jua lingali chini na vivuli vikiwa virefu. Ilikuwa imekusudiwa kufanya kazi kwa miaka miwili na nusu. Ilifanya kwa saba. Kazi yake ya kawaida ilisimamishwa tarehe 30 Juni 2020, hasa kwa sababu ya kuhama huko, na majaribio ya mwisho yakaendelea mpaka Oktoba 2021. Wakati huo setilaiti kubwa za Ulaya za Sentinel zilikuwa zimekwisha kupokea mzigo.

Kwa nini saa iwe na uzito hivyo? Simika kijiti cha mita 1 uwanjani. Karibu na Ikweta, katika mwezi wa Machi au Septemba, kivuli chake saa tatu ya jua hufikia mita 1 hivi, na saa nne na dakika 45 hufikia sentimita 34 tu. Konde la mahindi lililojaa vivuli halitoi kipimo sawa na lile lililoangazwa vyema, ingawa mahindi ni yaleyale. Tuligawanya na wingu jembamba likashindwa, lakini vivuli vilivyo kati ya mistari ya mahindi haviondoki kwa urahisi huo.

Namba inapokuwa fedha

Yawezekana mwanachuo akaona haya yote kuwa mambo ya Ulaya. Basi na atazame Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Mwezi Januari 2010 ilianzishwa huko bima ya mifugo kwa wafugaji, kwa juhudi za Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na washirika wake. Kampuni ya bima haiwezi kutuma mtu katika kila boma kuhesabu mizoga. Badala yake malipo hufuata kielezo cha uoto: kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa katika eneo, waliokata bima katika eneo hilo hulipwa. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011, baada ya ukame mkali. Setilaiti zilizotumika hazikuwa Proba-V, ila kanuni ni ileile tuliyoiandika ubaoni: toa, kisha gawanya.

Hapo ugomvi wa chini ya mwembe unakuwa mzito. Kielezo cha eneo zima ni wastani. Mfugaji ambaye upande wake umekauka, huku upande wa pili umenyeshewa, anaweza kukosa malipo. Tena uko mti uitwao mathenge, uliotapakaa katika sehemu kavu za Kenya. Mizizi yake huenda chini sana, na majani yake hubaki mabichi katika kiangazi, hata mahali ambapo nyasi zimekwisha. Kutoka juu pale ni kijani. Ng'ombe akifika hapati kitu cha kujaza tumbo. Ndiyo sababu wanaoitumia namba hiyo kwa uangalifu huilinganisha na habari za wafugaji wenyewe, wanaojua nyasi ipi huliwa na ipi huachwa.

Mwanachuo wetu alirudi katika darasa lile wiki iliyofuata, akamwita yule mtoto mbele, akamkabidhi mwisho wa kamba. Tuliona kwamba kipindi kimoja hakitoshi. Hesabu ya ubaoni inahitaji kipindi kizima, na kazi ya nje inahitaji viwili vilivyounganishwa, ikiwezekana asubuhi. Mahali pasipo na rimoti wala simu, sehemu hiyo iachwe; vingine vyote vyatosha. Vigingi vipatikane siku moja kabla. Kamba ya katani hubadilika urefu ikilowa umande, kwa hiyo na ipimwe upya kwa rula ya ubao kabla ya watoto kutoka nje.